Nyua za Mji Mkongwe: kivuli, tambuu na dawa za jikoni

Msafiri anayeshuka katika bandari ya Malindi, Unguja, wakati wa adhuhuri, hulakiwa kwanza na jua na kisha na kivuli. Hatua chache tu kutoka barabara kuu, vichochoro vya Mji Mkongwe humfunika. Nyumba ni za mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake nene, nazo zimesogeleana kiasi kwamba jua hugusa ardhi kwa muda mfupi tu wa mchana. Mwaka 2000 UNESCO iliuingiza mji huu katika orodha ya Urithi wa Dunia, na tangu hapo wageni wengi wamekuja kupiga picha milango yake ya nakshi. Lakini mlango ni uso wa nyumba. Anayetaka kuijua nyumba yenyewe hana budi kupiga hodi, kusubiri ruhusa, na kuingia uani.

Ua wa nyumba ya kale ndio pumzi yake. Hapo hushuka mwanga na upepo. Hapo watu wa nyumba hufua, husuka ukili, hupeta mchele na kuzungumza wakiwa wamesitirika na macho ya njiani. Na kwa kuwa kuta ni ndefu na jua ni la saa chache, mimea inayostawi hapo ni ile ipendayo kivuli: kangaga zenye majani kama manyoya, mitambazi yenye majani ya umbo la moyo, na mimea ya majani mapana yenye madoa mekundu na meupe, iliyopandwa katika madebe, vyungu na ndoo zilizotoboka. Katika baadhi ya nyua utaona pia mmea ambao si pambo peke yake. Huo ni mtambuu.

Mtambuu ni mmea utambaao, ndugu wa karibu wa mpilipili manga. Atakayefika mashamba ya viungo ya Kizimbani na Kidichi atawaona jamaa wa kivuli katika hali yao ya asili: pilipili manga ikipanda juu ya shina la mti mkubwa, vanila ikijizungusha, iliki ikijificha chini ya matawi. Mimea hii haikuumbwa kukabili jua kali. Jani lake ni pana na laini ili likusanye mwanga mdogo unaopenya, na mizizi yake hupenda udongo wenye unyevu. Mtu wa mjini anayeupanda mtambuu uani kwake hulihamishia shamba lile dogo la kivuli katikati ya kuta nne. Pamoja na kivuli, huwahamishia pia maadui zake.

Maadui wa kivulini

Kivuli huhifadhi unyevu, na unyevu huhifadhi wadudu. Uani upepo ni mdogo, majani hukauka polepole, na mvua kubwa inayowaosha wadudu shambani haifiki kila pembe. Ndiyo maana ugonjwa wa mmea wa uani mara nyingi huanzia upande wa chini wa jani, mahali ambapo hakuna atazamaye.

Wa kwanza ni vidung'ata, wadudu wadogo weupe walio kama vipande vya pamba, wanaojibana penye kikonyo cha jani. Wa pili ni wadudu magamba, wanaofanana na chunjua za kahawia juu ya shina na ambao mtu huweza kuwatazama mwezi mzima asijue kuwa ni viumbe hai. Kisha wapo vidukari na inzi weupe. Wote hawa hufyonza utomvu wa mmea na kutoa majimaji matamu yanayonata, na juu ya majimaji hayo huota ukungu mweusi kama masizi ya sufuria. Mwenye nyumba huuona weusi akadhani ndio maradhi, akaupangusa, kumbe chanzo kingalipo chini ya jani.

Wa mwisho ni konokono, na yule asiye na gome. Hawa hula usiku na kuacha matundu yenye kingo zisizo sawa pamoja na ute unaong'aa alfajiri. Yule konokono mkubwa ambaye mataifa mengi humlalamikia ni mwenyeji wa pwani hii ya Afrika Mashariki. Alisafirishwa hadi visiwa vya Bahari ya Hindi, na mwaka 1847 akatolewa Mauritius akapelekwa Calcutta, na kutoka India akasambaa hadi visiwa vya Pasifiki.

Chupa isiyo na jina

Katika nyumba moja ya mtaa wa Kiponda alikuwapo bibi mmoja ambaye mtambuu wake ulikuwa umepanda juu ya boriti na kamba za usumba hadi kufikia roshani ya juu. Majani yake huyafunga vishada vya majani ishirini ishirini, na mjukuu huyapeleka kwa wauzaji wa Darajani. Fedha ni ndogo, lakini ndiyo inayolipa ada ya chuo ya watoto wawili wa nyumba ile. Baada ya mvua za vuli, vidung'ata waliufunika mtambuu kuanzia shina hadi kilele, majani yakajikunja, na wauzaji wakayakataa.

"Shikamoo, bibi. Na huu umeupatia dawa gani?" aliulizwa.

"Marahaba, mwanangu. Dawa niliyoletewa ni hiyo iliyomo katika chupa ya maji, nami sikuithubutu. Haina jina, haina kipimo, na jani hili mtu akishalichuma hulitia kinywani."

Jibu lile lina hekima ambayo kila familia inafaa kuizingatia. Sumu za mashambani hutengenezwa kwa mazao maalumu na kwa vipimo maalumu, na lebo yake hueleza siku ngapi zipite kati ya kunyunyizia na kuvuna. Ikishamiminwa katika chupa ya kinywaji, maelezo hayo yote hupotea na hatari mpya huzaliwa, kwani mtoto huijua chupa ile kuwa ni ya maji. Uani ndipo mtoto anapotambaa, ndipo nguo zinapoanikwa, ndipo kuku anapodonoa. Tena tambuu haipikwi. Kiungo cha mchuzi huoshwa na kuchemshwa. Jani hili hufutwa tu na kukunjwa. (Madaktari nao wana neno juu ya popoo na tumbaku zinazokunjwa ndani yake, kwani zote mbili zinajulikana kusababisha saratani ya kinywa, anayetaka salama atosheke na jani lenyewe.)

Sabuni na maji ya mawe

Bibi yule aligeukia jikoni, na cha kwanza alichokichukua ni sabuni ya kipande. Uchaguzi huu ni sahihi, lakini wengi huutumia visivyo na kisha husema kwamba sabuni haifai. Sabuni haina sumu inayobaki juu ya jani. Kazi yake ni kuupenya utando wa mdudu mwenye mwili laini na kuuvunja, na kazi hiyo hufanyika pale tu maji ya sabuni yanapomgusa mdudu mwenyewe, yangali majimaji. Yakikauka, nguvu imekwisha. Kwa hiyo anayenyunyizia juu ya jani huku wadudu wako chini yake amelisafisha jani tu.

Katika mji huu lipo jambo la pili ambalo vitabu vya bustani vilivyoandikwa mbali havilitaji. Kisiwa cha Unguja kimekalia mawe ya chokaa, na maji ya visima vyake vingi ni mazito kwa madini hayo. Kila mwanamke aliyefulia maji ya kisima anajua kuwa povu huchelewa na utando mweupe hubaki beseni. Utando ule ni sabuni iliyoshikana na chokaa ya maji; sabuni ya namna hiyo haifui nguo, wala haiui vidung'ata. Dawa yake ni maji ya mvua. Ndoo moja iliyokingwa chini ya mfereji wa paa wakati wa masika au vuli yatosha kunyunyizia mimea ya ua kwa majuma kadhaa, mradi ifunikwe vizuri mbu wasizae humo.

Kipimo chake ni hiki. Kuna sabuni ya kipande isiyo na manukato wala dawa ya kung'arisha nguo, uiyeyushe kijiko kimoja cha chai katika lita moja ya maji ya mvua yenye uvuguvugu, kisha yaache yapoe. Sabuni ya unga isitumike, kwani imechanganywa na vitu vinavyounguza majani. Jaribu kwanza juu ya jani moja na usubiri siku mbili. Tahadhari hii ni ya lazima zaidi kwa mimea ya kivuli, kwa kuwa majani yake ni membamba na dawa hukaa juu yake muda mrefu bila kukauka. Kangaga hasa haistahimili, na mara nyingi kuiogesha kwa maji matupu hutosha. Nyunyizia asubuhi mapema, chini ya majani na penye vikonyo. Baada ya saa mbili suuza kwa maji safi. Rudia kila baada ya siku tano au saba, mara tatu au nne, kwa sababu mayai hayafi kwa mkupuo mmoja. Wadudu magamba huhitaji mkono: mswaki wa zamani uliochovywa katika maji hayo hayo, na subira.

Uwe mwangalifu na maji yanayotiririka. Katika nyumba za kale za Lamu, ambazo ni ndugu wa nyumba hizi, palikuwa na desturi ya kuweka samaki wadogo katika birika la maji ili wale viluwiluwi vya mbu, na sahani ya kaure hujengewa chini ya birika ili samaki wapate pa kukaa maji yanapopungua. Wazee wale waliwashinda wadudu kwa kiumbe hai. Lakini sabuni, hata iliyo kidogo, huwaua samaki. Mwenye birika, kisima au tangi lililo wazi na alifunike kabla ya kushika chupa ya kunyunyizia.

Mwarobaini, majivu na chumvi

Mwarobaini una sifa nyingi pwani, na baadhi ya sifa hizo unazistahili. Nguvu yake kubwa imo katika mbegu kuliko jani. Haumuui mdudu papo hapo, bali humfanya aache kula na asiweze kukua na kujivua gamba kama kawaida, kwa hiyo anayetazamia matokeo kesho yake atavunjika moyo. Jua kali huivunja dawa hii upesi, na kwa hiyo kivulini hudumu zaidi kuliko shambani. Gramu hamsini za kiini cha mbegu kilichotwangwa, zikilowekwa usiku kucha katika lita moja ya maji na kuchujwa, hufaa kwa mimea ya mapambo. Mbegu na mafuta yake yasiachwe karibu na watoto wachanga, maana si salama kumezwa nao. Na kwa mtambuu unaochumwa kila juma haufai: ukali wake hubaki juu ya jani, na mlaji atautambua.

Majivu ya jikoni ni kizuizi kizuri yakiwa makavu. Konokono hawapendi kuyapita. Tatizo ni kwamba uani hakuna kitu kinachobaki kikavu. Umande mmoja tu huyageuza kuwa tope, na yakizidi huufanya udongo wa chungu uwe mkali usiofaa kwa mimea ya aina hii. Maganda ya mayai yana sifa kuliko kazi. Mwaka 2018 jumuiya ya bustani ya Uingereza, Royal Horticultural Society, ilitoa matokeo ya jaribio lililolinganisha vizuizi kadhaa vya nyumbani, maganda hayo yakiwemo, na mboga zilizozungushiwa vizuizi ziliharibiwa na konokono sawa na zile zisizokuwa na kitu.

Chumvi haifai kabisa. Ni kweli kwamba humuua konokono, lakini hubaki katika udongo na kuikausha mizizi. Na katika mji wa mawe na chokaa hufanya ubaya wa pili, kwani maji ya chumvi hunywewa na ukuta, na yakikauka chumvi hujikusanya ndani ya lipu na kuibomoa. Siki huunguza majani. Mafuta ya taa huua mmea na kuhatarisha nyumba. Thomu na pilipili zilizotwangwa huwafukuza baadhi ya wadudu kwa siku chache, lakini ukungu wake katika ua uliofungwa huingia machoni mwa watoto.

Kwa konokono, vitabu vingi vya Ulaya humwelekeza mtu aweke bakuli la bia bustanini. Muislamu hahitaji kuingiza kitu hicho nyumbani kwake, wala dawa haipungui kwa kukosekana kwake. Kinachowavuta konokono ni harufu ya hamira. Vijiko viwili vya unga, kijiko cha sukari na robo kijiko cha hamira katika kikombe cha maji ya uvuguvugu, mfano wa donge jepesi la maandazi, hufanya kazi hiyo. Mimina katika kifuu cha nazi kilichofukiwa udongoni, mdomo ukibaki juu kidogo ya ardhi ili wadudu wema wasitumbukie. Weka baada ya magharibi, mwaga asubuhi, na utengeneze kipya. Waliosalia watafutwe kwa tochi baada ya sala ya isha au chini ya gunia bichi alfajiri. Wasishikwe kwa mkono mtupu, kwa kuwa baadhi yao hubeba minyoo inayoweza kumdhuru mwanadamu. Na majani yanayoliwa yaoshwe vyema.

Sisimizi na haki yao

Penye vidung'ata huwapo sisimizi wakipanda na kushuka. Watu huwaua wakidhani ndio waharibifu. Ukweli ni kwamba sisimizi huwachunga vidung'ata kama mfugaji achungavyo mbuzi: huwalinda na maadui, nao huwapa yale majimaji matamu. Unguja ina sehemu yake katika elimu hii. Katika miaka ya 1950 mtaalamu M. J. Way aliwachunguza maji moto wa kisiwa hiki, na mwaka 1954 akachapisha maelezo ya ushirika wao na mdudu gamba wa mikarafuu aitwaye Saissetia zanzibarensis. Lakini maji moto hao hao huilinda minazi dhidi ya mdudu mfyonzaji anayepukutisha nazi changa, mdudu ambaye leo anabeba jina la mtaalamu huyo: Pseudotheraptus wayi. Kiumbe mmoja, basi, ni hasara katika mti huu na faida katika ule.

Imepokewa katika Sunan Abi Daud kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kuwa Mtume (s.a.w.) alikataza kuuawa wanyama wanne, na miongoni mwao ni sisimizi na nyuki. Ufafanuzi wa hukumu ya wale wanaodhuru tunawaachia masheikh. Kwa mkulima wa ua inatosha kujua kuwa hana haja ya kuwaua. Mama zetu waliweka miguu ya kabati la chakula ndani ya makopo ya maji. Stuli ya chungu cha maua hufanyiwa vivyo hivyo, maji yakibadilishwa kila baada ya siku mbili tatu kwa ajili ya mbu. Kwa mmea unaopanda boriti, kitambaa kilichopakwa mafuta mazito hufungwa kwenye boriti na kamba, si kwenye shina lenyewe. Sisimizi wakikatiwa njia, vidung'ata hubaki bila walinzi, na wadudu wengine huwala.

Lililouponya mtambuu

Sabuni peke yake haikuuponya mtambuu wa Kiponda. Bibi alikata kwanza theluthi mbili ya mmea, akavitoa vipande vyote nje ya nyumba ndani ya mfuko uliofungwa. Kukata kule kulimgharimu mavuno ya miezi mitatu, na ada ya chuo ikalipwa kwa mkopo wa jirani. Ndipo akaosha kilichobaki kwa maji ya mvua na sabuni kila juma, akaondoa madebe yaliyoziba njia ya upepo, na akaacha kumwagilia jioni. Masika yalipoingia, machipukizi safi yalikuwa yamefika nusu ya boriti. Vidung'ata hawakwisha wote; wawili watatu huonekana kila mwezi, nao huondolewa kwa mswaki.

Mpango huo ndio tunaoupendekeza kwa kila nyumba yenye mimea ya kivuli, iwe Unguja, Mombasa au roshani ya ghorofa Dar es Salaam. Tazama chini ya jani kila Ijumaa. Ondoa sehemu iliyoharibika kabla ya kutafuta dawa. Ipe mimea nafasi upepo upite, na umwagilie asubuhi udongoni badala ya juu ya majani. Mmea mpya utokao sokoni ukae mbali na wenzake majuma mawili. Dawa ya jikoni ije baada ya hayo, kwa kipimo, na kwa kujua jani lipi linaliwa na lipi linatazamwa.

Na msomaji atakayepata safari ya Unguja, asirudi bila kuyatembelea mashamba ya Kizimbani. Atakapoonyeshwa mpilipili manga uliopanda juu ya mti, aombe ruhusa ya kugeuza jani moja. Huko upepo unapita, mvua inafika, na buibui na wadudu walaji wamejaa kila pembe. Kwa hiyo vidung'ata, hata wakiwapo, kwa kawaida hawawi wengi. Hali hiyo ndiyo anayojaribu kuirudisha kwa mkono wake kila mwenye mmea wa kivuli uani.